Mwenye Ufunguo na Aseme

Skrini ilisema funguo mbili. Shabrez aliitazama, akakipiga kile kimashine chake cha kusomea funguo za pikipiki kofi la ubavuni kama mtu anayemwamsha mlevi, akatazama tena. Mbili.

"Umeniambia una ufunguo mmoja," alimwambia mteja.

"Mmoja tu, fundi. Ndiyo maana nimekuja unichongee wa akiba." Mteja aliitwa Sibtain, mwenye duka la miwani mtaa wa pili, mtu mnene aliyekuwa akijifuta jasho kwa ncha ya kanzu. "Mjane aliyeniuzia alinipa huo huo. Aliapa kwa kichwa cha mwanawe kwamba mwingine haupo."

"Basi ama mjane ni mwongo, ama pikipiki ni mwongo. Na pikipiki haina cha kupata kwa kudanganya."

Ilikuwa Juni, Rawalpindi, jua limesimama utosini na umeme umekatika tangu asubuhi. Soko zima la mafundi funguo lilikuwa kimya. Pikipiki yenyewe ilikuwa dude kubwa la Kijapani. Mwenyewe, mume wa yule mjane, alipofariki ilifunikwa turubai kwenye banda la uani, ikakaa humo miaka minne.

Ufunguo wa pikipiki kama ile si chuma tu. Kichwani mwake mna chipu ndogo kama punje ya mchele, na ukiutia kwenye swichi, chipu huitajia mashine jina lake. Mashine ikilijua jina, injini inawaka. Isipolijua, utazungusha mpaka ukucha ung'oke. Kazi ya fundi ni kuchonga chuma, kisha kuliandikisha jina jipya. Na kila ukiandikisha upya, majina yote yaliyokuwemo hufutika, yanabaki ya funguo zilizokuwepo siku hiyo.

Shabrez aliuchomoa ule ufunguo mmoja, akaushika kiganjani. Taa nyekundu ya dashibodi ikaanza kupepesa, kama ipasavyo, maana hapakuwa na ufunguo. Ikapepesa mara tatu. Halafu ikatulia, ikazimika.

Yaani pikipiki ilikuwa imemtambua mtu.

Harufu ikapita, ya oili iliyoungua na kafuri, ile kafuri ya kuoshea maiti. Sibtain alikunja pua. "Kuna msiba hapa karibu?"

"Kuna mtaro," alisema Shabrez. "Sasa sikiliza. Kuna ufunguo mwingine mahali, na huenda anao mwizi. Nikiandikisha huu na mpya, ule wa pili utafutika. Sawa?"

"Futa, ndugu yangu. Futa!"

Ng'ambo ya njia, Ghaus, fundi mwenzake, alinyanyua kichwa. "Shabrez! Ita kwanza."

Mafundi wa soko lile walikuwa na desturi yao. Kabla ya kufuta ufunguo ambao hujauona kwa macho, unasimama, unageukia njiani, unaita mara tatu: "Mwenye ufunguo na aseme!" Kisha unangoja kidogo. Wengine husema ni kwa ajili ya mashahidi, mteja asije akageuka kesho. Waliokaa sokoni zaidi hawasemi ni kwa ajili ya nani. Lakini Shabrez hakufundishwa na mtu. Alijifunza kazi kwa kuharibu kufuli zake mwenyewe na kujikata vidole vyake mwenyewe, na mambo ya kupokezana bila sababu yalimkera.

"Nimwite nani, kaka Ghaus? Shetani? Atakuja na risiti?"

"Ita tu. Maneno hayalipiwi ushuru."

"Kama maneno ni ya bure, yatumie wewe!" Akabonyeza.

Skrini ikasema sifuri. Akauandikisha ufunguo wa zamani, akauandikisha mpya. Mbili. Injini ikawaka kwa wa kwanza, ikawaka kwa wa pili. Sibtain akaondoka akitabasamu.

Ndipo ubao wa funguo ulioning'inia ukutani ukaanza kulia. Hapakuwa na upepo. Funguo mia tatu zilitikisika kwa pamoja, zikanyamaza kwa pamoja, na mmoja ukaanguka kwenye saruji kwa mlio mdogo mkali. Shabrez aliinama kuuokota, asiuone. Na nyuma ya ubao, ambako hakuna ila matofali, sauti ikanong'ona polepole, kama mtu anayesema huku ameegemeza mdomo mlangoni:

"Nimefungiwa nje."

Alitoka, akafunga duka kwa kufuli, akaondoka bila kugeuka nyuma. Akajiambia ni joto. Akakaa kwenye benchi la Kallan, muuza chai, ambaye alimnywesha chai kila siku kwa miaka kumi na miwili na aliyekuwa akimtania kila siku kwa jina alilompa la masharubu yake.

"Karibu mgeni," alisema Kallan. "Nikutilie sukari nyingi au kidogo?"

"Acha upuuzi, Kallan. Leo sina hali."

Kallan alimtazama kwa adabu, ile adabu ya kumpa mtu usiyemjua. "Samahani, kaka. Tuliwahi kuonana?"

"Mjinga wewe! Umelewa chai yako mwenyewe?" Shabrez alipiga kelele mpaka watu wakageuka. Na katikati ya kelele yake alisikia nyuma yake, barabarani, ufunguo ukianguka. Mlio ule ule. Alikuwa yeye peke yake aliyeusikia.

Aliporudi dukani alimkuta Ghaus amesimama mbele ya mlango na nyundo mkononi.

"We bwana, sogea. Duka lina mwenyewe. Amekwenda kunywa chai."

"Kaka Ghaus. Mwenyewe si mimi?"

"Shabrez namjua kama kiganja changu. Ni jeuri, ana mdomo, lakini si wewe."

Shabrez alitoa ufunguo wa kufuli lake, ufunguo aliouchonga kwa mkono wake, akautia. Ukazunguka mpaka mwisho, laini. Kufuli halikufunguka. Akamtukana Ghaus, akamtukania na mama yake, na nyuma yake chuma kikalia tena juu ya saruji, na safari hii harufu ya kafuri ilikuwa karibu sana, kama imetoka ndani ya kola ya shati lake.

Alikimbia nyumbani. Akagonga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Zaibun, mkewe.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Miaka tisa ya ndoa, na hakuwahi kuulizwa swali hilo mara ya pili. Alitaka kupayuka, lakini alikuwa amekimbia mno, ikatoka pumzi tu. "Mimi, Zaibun. Baba Huria. Fungua."

Mlango ulifunguka upana wa vidole viwili, mnyororo ukiwa mahali pake. Jicho la mkewe lilimpima kuanzia juu hadi chini, likajaa woga. "Mume wangu yuko kazini. Ondoka, la sivyo naita watu."

Chini ya mkono wake likatokea jicho la pili, la mtoto wa miaka saba. "Mama, si baba huyo?"

"Ingia ndani! Nyamaza!"

"Mama, ni baba!"

Mlango ukafungwa. Alilala barazani mwa msikiti, kama anavyolala mtu asiye na kwao.

Asubuhi alirudi chini ya ukuta wa nyumba yake, akasimama kama mwizi. Huria alichungulia kutoka darini, akaangusha chapati iliyofungwa kwenye gazeti.

"Baba," alinong'ona, "mama amelia usiku kucha. Anasema umepotea. Nikamwambia umesimama nje, akanipiga kibao."

"Usibishane na mama. Wewe unanijua?"

"Swali gani hilo!" Mtoto alicheka, akaziba mdomo. "Unarudi lini?"

"Leo. Mchana nitakula hapa."

Nyuma ya stendi ya mabasi aliishi Maalim Tufail, aliyesomea wagonjwa, mtu wa pumu na maneno machache. Hakuwahi kumwona Shabrez, kwa hiyo hakuwa na cha kusahau. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasomea maji kwenye bakuli, akalisogeza bakuli mbele yake. Maji yalikuwa na utando wa oili.

"Huyu simtoi," alisema.

"Kwa nini? Nitakulipa."

"Kaa na pesa zako. Simtoi kwa sababu hajakosea. Kitu kikikaa kitupu hupata mpangaji. Alikaa mle miaka minne, mashine ikamjua, akawa na jina lake kama wewe ulivyo na lako. Wewe ukaja, hukubisha hodi, ukamfuta. Sasa anakufuta wewe kwa wanaokujua. Desturi mlikuwa nayo. Ilikushinda nini, maneno manne?"

Shabrez aliinamisha kichwa.

"Kila mlio uliusikia wakati gani?" aliuliza Maalim.

Akafikiri. "Ukiacha ule wa kwanza, kila mara nilipokuwa napayuka."

"Hasira yako ndiyo mlango anaopitia. Nani bado anakujua?"

"Binti yangu. Mmoja."

Maalim alivaa viatu upesi. "Twende kwa mwenye pikipiki. Umrudishie huyu jina lake. Na mpaka umalize, hata ukitemewa mate usoni, usipaze sauti. Waliokwisha kukusahau watarudi ukimaliza, ila atakayefutika baada ya onyo hili harudi tena. Umenisikia, mwanangu? Hata neno moja."

Uani kwa Sibtain walikuta watu wamesimama mbali na pikipiki, migongo yao ukutani. Haikuwa na ufunguo. Hata hivyo kila baada ya muda starta yake ililia yenyewe, kru-kru-kru, ikashindwa, ikanyamaza, kisha ikaanza tena, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba yake mwenyewe na mlango unamkataa. Ilikuwa hivyo tangu jana.

"Nyie ni kina nani?" Sibtain alikuwa hajalala, macho mekundu.

"Tumekuja kuitengeneza," alisema Maalim. "Tupe funguo zote mbili."

"Fundi wangu ndiye aliyeiharibu. Tangu asubuhi namtafuta, duka limefungwa, amekimbia. Yule Shabrez ni tapeli! Alijua alichokifanya. Anajifanya msema kweli, kumbe mwizi mkubwa, anakula vya watu huku anawatazama usoni!"

Maalim alimshika Shabrez mkono, akaubana. Haikusaidia. Kila kitu kingine angekivumilia: nyundo ya Ghaus, mnyororo wa mlango, hata lile jicho la mkewe. Lakini kuitwa mwizi na mtu aliyemfanyia kazi safi kilikuwa kitu ambacho mwili wake haukujua namna ya kukimeza.

"Mimi sijamdhulumu mtu!" alinguruma. "Katika maisha yangu! Hata mmoja!"

Nyuma yake, kwenye saruji ya ua, ufunguo ukaanguka.

Akasimama na mdomo wazi. Maalim alifumba macho, akasema kwa sauti ya chini, "Fanya kazi, mwanangu. Fanya kazi sasa."

Akazichukua funguo mkononi mwa Sibtain, akafanya. Akaunganisha kimashine, kilichokuwa mfukoni mwake tangu jana, akaandikisha ufunguo wa kwanza, akaandikisha wa pili, akauchomoa, na taa ikaanza kupepesa ikingoja kama kuna mwingine. Hungoja kwa muda mfupi tu. Shabrez akageukia lango lililokuwa wazi na njia tupu inayowaka jua, akaita, "Mwenye ufunguo na aseme," na sauti haikutoka vizuri, akaita tena, na mbwa aliyekuwa kivulini akanyanyuka akaondoka mkia katikati ya miguu, akaita mara ya tatu, na joto la Juni likakatika pale uani kama limekatwa kwa kisu, na kitu kikapita kati yake na jua bila kuangusha kivuli, kikinuka oili na kafuri na nguo zilizofungiwa muda mrefu, kikapita polepole karibu na bega lake kiasi kwamba nywele za sikio zilimsimama, na mbele ya macho yake lile duara la chuma linalozunguka swichi likafanya ukungu, kama kioo kinachopumuliwa, na swichi, ambayo haikuwa na kitu chochote ndani yake, ikazunguka kulia, ikagota.

Taa ikapepesa mara nne, ikazimika. Skrini ikasema tatu.

"Sasa inanijua," sauti ikasema, si kwa ukali. Injini ikawaka, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, ikajizima. Joto likarudi.

Sibtain alikuwa ameketi chini, amejishika kichwa. Alimtazama Shabrez, akapepesa macho. "Fundi? Umefika saa ngapi?"

Shabrez alikuwa ameshakimbia. Alipopita sokoni Ghaus alimpigia kelele, "We jeuri, ulilala wapi tangu jana?" na Kallan akamwita kwa lile jina la masharubu yake, na hakusimama kwa yeyote. Alifika, akagonga.

"Nani?"

"Mimi."

Mnyororo ukaanguka. Zaibun alimrukia kifuani, akampiga ngumi, akalia, akampiga tena. "Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi, mwanamume wewe? Njaa imekuua, ingia, chakula kipo."

Akaingia. Huria alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba na daftari lake. Alipomwona alisimama, akajitanda ushungi vizuri, kama alivyofundishwa afanye anapoingia mtu wa nje.

"Msalimie baba," alisema Zaibun.

Mtoto alimwangalia mama yake, asielewe. Kisha akaenda kwenye mtungi, akajaza bilauri, akaileta kwa mikono miwili bila kumwaga hata tone.

"Karibu maji, mjomba," alisema. Alingoja mpaka akanywa. Halafu, kwa kuwa mgeni alikuwa analia na hakujua amwambie nini, akamuuliza kwa upole swali ambalo watu wazima huwauliza wageni:

"Na wewe una watoto?"