Chokaa kwenye Paji la Uso

Mti wa mkuki ulikuwa bado umelala juu ya misumari yake miwili ukutani. Chuma chake ndicho kilichokuwa hakipo.

Inspekta Ambrosi aliusogelea, akainama, akatazama ncha ya mti ule bila kuugusa. Chuma kilikuwa kimechomolewa kwa nguvu, na ufa mpya ulionekana kwenye mti. Hakuwa na sare siku hiyo. Ilikuwa tarehe tisa Desemba mwaka 1976, Sikukuu ya Uhuru, na alikuwa amekuja na mkewe Ikupa na watoto wao kama baba mwingine yeyote tu. Lakini wizi haujui sikukuu, naye alitaka kuumaliza upesi ili awahi pilau.

Makumbusho yale madogo ya mjini Mbeya yalikuwa na vyumba viwili. Katika chumba cha mbele watoto walikuwa wakifinyanga vyungu na kucheza bao na baba zao. Katika chumba cha nyuma, chini ya mkuki, walifundishwa kusaga ulezi kwenye jiwe. Uani, mhunzi Philbert kutoka Igowole alikuwa akitayarisha mivukuto yake, maana mchana ule angewaonyesha watoto jinsi jembe na mkuki vinavyofuliwa.

"Nani aliugusa mwisho?" Ambrosi aliuliza.

"Mfugaji mmoja, afande," alijibu Severina, mtunza makumbusho. Mkuki ule ndio uliokuwa fahari ya nyumba yake. Ilisemekana ulitumika kupigana na Wajerumani. "Msukuma wa kule Usangu. Aliomba kuushika, nikampa. Mara bendi ya shule ikapita barabarani, watoto wote wakatoka mbio, na mimi nikatoka. Tuliporudi, chuma hakuna."

Mfugaji mwenyewe, Budeba, alikuwa uani na wanawe watatu.

"Chuma kiko wapi?"

"Chuma gani, afande?"

"Usinichezee. Uliushika mkuki, hukuushika?"

"Niliushika, nikaurudisha palepale. Halafu tukaenda kuangalia bendi. Waulize watoto."

"Siwaulizi watoto. Fungua mfuko."

Ndani ya mfuko mlikuwa na viazi vya kuchemsha na kisu cha kuchunia ng'ombe. Kisu hakikuthibitisha lolote, ila kilimtosha Ambrosi. Kichwani mwake wafugaji wale walikuwa wageni, na mgeni akiwapo penye wizi, ya nini kusumbuka kutafuta mbali? Akamwita konstebo aliyekuwa zamu getini. Budeba akafungwa pingu mbele ya wanawe, umati wote ukitazama, akapandishwa Landrova.

Mtoto mdogo alianza kulia. Ikupa alimtazama mumewe, akampa mgongo, akaenda kuwagawia wale watoto maandazi aliyowabebea wa kwake. Jambo hilo lilimkera Ambrosi kuliko alivyotaka kukubali.

Akarudi ndani kuchukua maelezo ya shahidi aliyebaki. Huyo alikuwa Tusekile, mama kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto kusaga. Yeye hakutoka kutazama bendi.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa, kwenye jiwe."

"Nani aliingia?"

"Sikuona, afande."

"Mlango ule pale, mkuki huu hapa, na wewe katikati. Utakosaje kuona?"

"Sikuona. Haki ya Mungu."

"Yule mfugaji alirudi?"

"Huyo hakurudi," alisema Tusekile haraka, kisha akauma mdomo.

Ambrosi aliinua macho. Mtu asiyeona kitu atajuaje nani hakurudi? Alitaka kufoka, ndipo alipoona alama nyeupe kwenye paji la uso la mwanamke yule. Unga, alijiambia. Lakini unga uliojaa kwenye ungo, na ulioganda mikononi mwake, ulikuwa wa ulezi, na ulezi ni mwekundu.

Akatembea hadi pembeni mwa chumba, nyuma ya jiwe la kusagia. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya sikukuu. Pembeni kabisa, kwenye kimo cha uso wa Tusekile, chokaa ilikuwa imebanduka kwa upana wa paji la uso. Kwa hiyo alisimama pale na kuuegemea ukuta, akiupa mgongo mlango, wakati mwizi akichomoa chuma nyuma yake. Hakuwa anadanganya. Kweli hakuona.

Sasa mtu mzima husimama hivyo kwa sababu gani?

Jibu lilimjia, na uso ukamwaka kwa aibu. Alikumbuka Pasaka iliyopita, baba yake aliposafiri kutoka Mlandege, Iringa, kuja kuwasalimia. Mzee alipokohoa tu barazani, Ikupa aliuacha ugali jikoni ukiungua, akajifunika kitenge, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, wala jina lake halitamki. Ambrosi, Mhehe, alicheka siku ile mpaka machozi. Amemwoa Mnyakyusa, wamezaa, na bado ilimlazimu kuonyeshwa na ukuta.

Akapunguza sauti. "Mama, sitakuuliza jina. Niambie hili tu. Kuna mtu alikohoa mlangoni?"

Tusekile alivuta kitenge hadi machoni. Machozi yalianza kumtoka.

"Ungekubali nikufunge wewe badala yake?"

"Ungenifunga, afande. Kumtaja siwezi."

Ambrosi alimtafuta Severina nje. "Tusekile ameolewa kwa nani?"

"Kwa Mzee Jailos, baba mkwe wake. Si ndiye aliyetupatia mkuki wenyewe, akasema ni wa babu yake? Yule pale, mgeni wetu wa heshima."

Mzee Jailos alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na jua lilikuwa kali, watu wote wamevua makoti. Yeye alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti lake refu, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Shikamoo, mzee. Naomba tuzungumze ndani kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Ambrosi alimpeleka chumba cha mbele, akafunga mlango. "Vua koti, mzee wangu. Usinilazimishe nikuvue mimi."

Mzee alifungua vifungo, akatoa chuma kilichoviringishwa kwenye leso, akakiweka mezani kati ya vyungu vibichi vya watoto.

"Umeiba mkuki wako mwenyewe?"

"Si wangu. Si wa babu yangu. Wa babu niliuuza kwa Mzungu mmoja zamani, nikanunua baiskeli. Watu wa makumbusho walipopita wakiomba vitu vya wazee, kila nyumba ilitoa. Mimi ningetoa nini? Nikaenda mbali, Igowole, nikafuliwa huu, nikaufukia kwenye samadi upate kutu."

"Na Philbert yuko uani."

"Yule anaijua kazi ya mkono wake. Angewaambia watoto, huu niliufua juzi. Wajukuu zangu shuleni wanaitwa wana wa mkuki, afande. Nilishindwa kuwatazama wakisikia hilo."

"Na mkweo?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilikohoa. Nilijua atageuka. Nilijua hata akiulizwa hatanitaja."

"Uliificha kazi yako ndani ya heshima yake."

"Ndiyo. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko mkuki."

Ambrosi naye alikuwa na deni lake. Alitoka hadi kwenye Landrova, akamfungua Budeba pingu kwa mkono wake.

"Ndugu, nimekukosea. Nisamehe."

Budeba alijisugua vifundo vya mikono. "Mimi nimesikia. Lakini ulinifunga mbele ya wanangu. Waambie wao."

Ambrosi akaenda walipokuwa watoto, akachuchumaa mbele ya umati, akawaambia kwamba baba yao si mwizi na kwamba yeye, polisi, ndiye aliyekosa. Ikupa alikuwa akisikiliza, amempakata yule mdogo.

Baadaye konstebo alimtoa Mzee Jailos. Njia ilipita mlangoni pa chumba cha nyuma, na mzee, kwa mazoea tu, akakohoa. Ndani, Tusekile aliacha jiwe, akajifunika kitenge, akageukia ukutani kwa heshima ileile.

Mzee alisimama mlangoni. "Mwambieni anitazame," alisema. "Sistahili tena."

Hakuna aliyemwambia. Tusekile alibaki amegeuka, paji la uso ukutani, mpaka Landrova ilipoondoka.