Maiti kwa Mama Karamu

Fundi Viatu alikutwa asubuhi kwenye choo cha mgahawa, ameegemea ukuta, macho wazi. Hakuna jeraha wala damu. Mdomoni alinuka pombe tu.

Inspekta alivaa glavu, akachuchumaa. Mwanamke mzima, miaka mingi kazini, na bado maiti zilimtia hofu, hasa hizi zisizoonyesha zimeuawa na nini.

"Alikunywa nini?"

"Wiski," alijibu Mama Karamu, mwenye mgahawa. "Alianza juzi. Kipimo kimoja kimoja. Tangu kiwanda cha hapa mtaani kifungwe, nani bado ananunua chupa nzima? Watu wamepigika, afande."

"Nani alimhudumia?"

"Mdogo wangu, yule pale kaunta. Usiku tulifunga bila kukagua choo."

Kijana aliinua uso kidogo. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Kichwa tu, afande. Uchovu."

Inspekta aliingia stoo. Vyombo vya bafe vilipangwa hadi darini, vimefunikwa vumbi na utando wa buibui.

"Sherehe ya mwisho ilikuwa lini?"

"Weee! Kabla ya kiwanda kufungwa. Jina hili la Karamu limebaki la kuchekwa."

Lakini dumu la spiriti, ile ya kuwashia moto chini ya vyombo hivyo, halikuwa na vumbi hata chembe. Inspekta alilinyanyua. Tupu.

"Spiriti imekwenda wapi?"

"Imekauka yenyewe."

"Ndani ya dumu lililokazwa kifuniko?"

Inspekta aliliweka dumu chini. Spiriti ile ni sumu, na hakujua ni wangapi mtaani walikuwa wameshainywa.

"Sajenti! Chupa zote za wiski maabara, sasa hivi." Akamgeukia mama. "Nani mwingine alikunywa? Sema, daktari awahi kumwokoa!"

"Hakuna! Wiski yangu safi. Mnanionea tu kwa sababu sina hela ya wakili."

"Dada," kijana aliita kutoka kaunta. "Mbona mmezima taa?"

Walitoka mbio. Ilikuwa saa nne asubuhi, mapazia yamefunguliwa, jua limejaa hadi kwenye rafu za gilasi.

"Na wewe umeinywa wiski ile?" Inspekta aliuliza.

"Mabaki ya Fundi. Mshahara wenyewe umekuwa hadithi, nikawa namalizia gilasi za wateja. Jamani, si mwashe taa!"

Mama Karamu alipiga yowe, akapiga magoti.

"Ni spiriti ya bafe! Nilichanganya kwenye wiski, afande! Bei imepanda, wateja hawataki kuongeza hata senti. Nilidhani itawaumiza kichwa tu. Mwokoeni, tafadhali!"

Inspekta alikuwa tayari kwenye simu. "Daktari, sumu ya methanoli. Tunamleta, macho yameshaondoka." Kisha, taratibu: "Kwa nini hukufunga tu, mama?"

"Ningefunga, huyu angekwenda wapi? Nimemlea mwenyewe tangu mama yetu afe. Kazi hii ndiyo pekee niliyoweza kumpa."

Sajenti alimfunga mama pingu, zikalia. Kijana aligeuza uso huku na huku, mikono ikipapasa kaunta, gilasi zikidondoka.

"Huo mlio wa nini, dada? Wamemkamata nani?"

"Mimi," alisema Mama Karamu. "Ni mimi, mdogo wangu."