Maji ya Kumwagilia Tangi

Tangi la kina Ninsiima lilipasuka kwa mvua ya kwanza, likamvunja mdogo wake mguu. Ninsiima alikuwa amesema uongo.

Lilikuwa tangi la majaribio, la kwanza upande wetu wa Isingiro: wavu wa waya uliopigwa lipu ya saruji, refu kuliko mtu, kando ya nyumba yao ya bati. Waliotoa saruji walisema likisimama masika yote, kila nyumba ya kikundi cha akina mama itajengewa lake. Likishindwa, watahamia kijiji kingine.

Fundi Barugahare alipomaliza, alilizungushia magunia, akamwita Ninsiima, wa darasa la sita.

"Saruji inataka maji ndipo ikaze. Dumu asubuhi, dumu jioni, mpaka nirudi. Magunia yasikauke. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Maji yalikuwa bondeni, nusu yake tope. Ninsiima alipopanda kilima na dumu kichwani, alimkuta ndama wao, Gaaju, ulimi nje.

"Unamnyima mwenye roho, unanywesha ukuta?" bibi yake alimuuliza. "Mpe."

Akampa. Kesho yake akampa tena. Magunia akawa anayanyunyizia kwa kiganja, upande unaoonekana kutoka njiani.

Barugahare aliporudi, alizunguka hadi nyuma, akagongagonga ukuta kwa kidole.

"Ulimwagilia kila siku? Kama ulishindwa, sema. Nitapiga lipu nyingine, na hakuna atakayekuchapa."

Ninsiima alimtazama bibi yake. Bibi alitazama migomba.

"Nilimwagilia," akasema.

Fundi akaunga mfereji wa bati kutoka paani hadi tangini. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi tangi lilikuwa limejaa pomoni, na mdogo wake Ninsiima, Tumwine, mwenye miaka minne, aliweka sikio ukutani asikilize maji. Ukuta ukamlalia.

Akina mama wa kikundi walipokutana uani, ukweli ulikuwa umeshajulikana.

"Hongera," Kenyangi, mwenyekiti wao, alimwambia Ninsiima. "Ndama wenu amekunywa matangi yetu yote."

"Mimi sikupewa kazi," bibi akasema. "Aliyepewa ni huyo."

Barugahare hakumpigia kelele. "Maji ya ndama ningekusamehe, hata mimi nimekulia zizini. Lakini nilikuuliza. Tangi bovu nikiambiwa, nalitengeneza. Nikidanganywa, najaza maji juu ya vichwa vya watoto. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa, siku hiyo hiyo, hata kama mkubwa ndiye aliyekuharibia." Akamgeukia bibi. "Na wewe unajijua."

Akakunja wavu uliobaki, akaondoka nao.

Mguu wa Tumwine ulikatwa chini ya goti. Nyumba kumi na nane hazikupata tangi, na akina mama wa nyumba hizo bado wanashuka bondeni kuteka maji. Ninsiima aliacha shule ili ambebe mdogo wake.