Barua ya Mfano

Walikutana kliniki ya macho, Jumamosi asubuhi, foleni imejaa hadi mlangoni. Mwanamke alikuwa na sketi ya kazini iliyokunjamana na macho mekundu ya mtu aliyeshinda wiki nzima mbele ya kompyuta. Fundi wa miwani, kijana mrefu mwenye koti jeupe na kitambaa cha kufutia lenzi mfukoni, alimkalisha mbele ya ubao wa herufi. Mwanamke akausoma mstari wa chini bila kusita.

"Dada, hebu usome kutoka mwisho kuja mwanzo."

Akakwama.

"Nilijua. Umeukariri ukiwa kwenye benchi."

"Umeniweka saa mbili pale, ulitaka nifanye nini?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilizaa miezi saba ya simu. Mwanamke alimwita Fundi, naye mwenyewe akaitwa Mwandishi, maana kazi yake ilikuwa kuandika miongozo ya programu. Wakati huo alikuwa na mwongozo wa programu ya kutuma barua pepe, na balaa ni kwamba wasomaji wake hawakuwa watu. Walikuwa mawakala wa akili bandia, wale wanaopewa kazi na kuifanya wenyewe ndani ya kompyuta.

"Wakala ni kama mimi kwenye ubao wako," alimwambia Fundi kwenye simu. "Ukimwonyesha kitu anakirudia kilivyo. Kuelewa ni shauri lingine."

"Basi mfundishe adabu, mpenzi."

"Mwenyewe nimechoka, nimfundishe nini?"

Alikuwa amechoka kweli, uchovu wa kuingia kwenye mifupa. Ijumaa moja alibakiza kipande kimoja tu, mfano wa barua. Kwenye nafasi ya mpokeaji akaweka anwani ya Fundi, ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Kwenye ujumbe akaandika: Samahani, sitafika. Usinisubiri. Chini akatia jina lake, akazima kompyuta, akaenda kulala.

Jumapili iliyofuata ndiyo siku aliyopangiwa kukutana na mama yake Fundi, mgahawani, saa nane mchana. Alibadilisha gauni mara tatu, akafika saa tisa na nusu kwa gauni la bluu la mikono mirefu. Mezani hapakuwa na mtu. Kando ya vikombe kilisahauliwa kitambaa cha kufutia lenzi. Alipiga simu, ikakatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

"Hata saa moja na nusu hawezi kunivumilia," alijisemea, akakitia kitambaa kwenye mkoba. Hakupiga tena, wala hakupigiwa. Wiki tatu alikwenda kazini na kurudi kama mtu anayebeba maji.

Wiki ya nne bosi wake akataka sehemu mpya kwenye mwongozo. Mawakala walikuwa wakituma barua na hawasomi majibu. Mwandishi akafungua sanduku la majibu, ambalo tangu programu ianze hakuna aliyelifungua. Akakuta barua tatu za Fundi, zote za Jumapili ile.

Nasubiri hata hivyo, mpaka saa tisa.

Mama anauliza kama unaumwa.

Sawa. Ila kama hunitaki, ungeniambia kwa mdomo wako.

Juu ya barua hizo ilikaa ile barua ya mfano. Wakala wa majaribio alikuwa ameusoma mwongozo na kuituma saa saba mchana, neno kwa neno. Mwandishi alivua miwani. Alitaka kulia, nguvu hiyo hakuwa nayo. Akaifuta anwani kwenye mfano, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga.

Kliniki alimkuta Fundi akipanga vifaa kwenye katoni. Alikuwa amekonda.

"Ile barua niliiandika mimi," alisema. "Lakini sikukutumia wewe."

"Ndiyo maneno gani hayo?"

Akamweleza yote, amesimama. Fundi alisikiliza huku akikunja karatasi isiyohitaji kukunjwa.

"Anwani nimeelewa. Na maneno je? Sitafika, usinisubiri. Nayo ulikuwa nayo kichwani?"

Angeweza kudanganya. "Nilikuwa nayo. Nilimwogopa mama yako. Nilichoka, nikaandika nilichotamani kusema." Akatoa kitambaa kwenye mkoba. "Lakini nilikwenda. Hiki ulikiacha mezani."

Fundi alikipokea, akamvua Mwandishi miwani na kuanza kuifuta taratibu.

"Jumatatu nahamia tawi la mji mwingine," alisema. "Kule anakokaa mama. Nimeshasaini. Ni mwaka mzima."

Mwandishi alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Mbele yake ubao ulikuwa ukungu mtupu.

"Nakutaka," alisema. "Umeomba nikwambie kwa mdomo wangu, haya, nakwambia."

Fundi alimvalisha miwani, mkono ukachelewa kidogo sikioni. "Mama bado anakuulizia. Nikamwambie nini?"

"Mwambie nitakuja huko huko kwake, Jumapili ya kwanza ukishahamia, saa nane. Na barua yoyote ikija, msiiamini." Alishusha pumzi. "Nitafika, Fundi. Nisubirini."