Mtungi wa Nyumba Mbili

Kila asubuhi hapa Mweiga, Nduta hukama ng'ombe wake wawili. Maziwa hayajazi mtungi. Kwa hivyo jirani yake, Kahiga, huongeza ya kwake, na mtungi huo mmoja hupelekwa kwa chama cha wafugaji. Wamefanya hivyo miaka mingi.

Jumatatu moja, tangi zima la chama lilimwagwa. Maziwa yalikuwa na dawa ya ng'ombe. Mtungi wenye dawa ulikuwa umepokelewa kwa jina la Nduta, aliyeuleta, kwa hivyo meneja akamfungia: asilete maziwa tena.

"Mimi?" Nduta alishika kichwa. "Woi! Ng'ombe wangu hawajaona sindano tangu mwaka jana!"

Aliyeduwaa zaidi ni binti yake, Wachuka. Programu ya simu inayopokea maziwa ya chama aliitengeneza yeye. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kukataa maziwa ya ng'ombe aliyedungwa hadi siku za kungoja ziishe. Sasa imemchafulia mamake jina!

Kahiga akaja mbio, kofia mkononi.

"Ng'ombe aliyedungwa ni wangu," alisema. "Lakini niliandika kwa simu! Maziwa yakapimwa uzito, simu ikasema sawa. Nikajua dawa imeisha. Ati mashine haikujua?"

Wachuka alifungua programu hiyo. Aliisoma yote, mwanzo hadi mwisho. Hakuona kosa. Akamwendea Karambu, mwalimu wake wa zamani chuoni Nyeri.

"Mchoro uko wapi?" Karambu aliuliza.

"Sikuchora, mwalimu. Niliandika moja kwa moja."

"Moja kwa moja mpaka kwa tangi!" Karambu akageuza kalenda kuukuu upande usioandikwa. "Keti. Kuna lugha ya michoro inaitwa UML. Kila kitu muhimu ni sanduku. Mstari unaonyesha nani anahusiana na nani. Kwenye ncha ya mstari unaandika ni wangapi: moja, au nyota kama ni wengi. Chora programu yako ilivyo, si unavyotaka iwe."

Wachuka akachora: Ng'ombe, Mfugaji, Mtungi. Kwenye mstari wa Mtungi, upande wa Mfugaji, akaandika moja.

"Usinionyeshe mimi," Karambu akasema. "Mwonyeshe mtu anayekama."

Jioni Nduta aliukagua mchoro jikoni. Hajawahi kuandika programu. Lakini kidole chake kilisimama.

"Hii moja ni nini?"

"Kila mtungi una mfugaji mmoja, yule anayeuleta."

"Uongo! Mtungi uliokulea wewe, tangu lini ukawa wa mtu mmoja?"

Wachuka akauvuta mchoro. Mtungi huo aliubeba mwenyewe tangu darasa la sita!

Akafuta moja, akaweka nyota. Kisha akarekebisha programu: mtungi utaje nyumba zote zilizoujaza, na dawa ya nyumba moja iuzuie wote. Meneja alipouona mchoro, alielewa papo hapo. Akamfungulia Nduta na kumwomba msamaha.

Mwezi uliofuata, ng'ombe wa Nduta akadungwa. Nduta aliandika kwa simu, lakini akahesabu vibaya siku za kungoja. Safari hii Kahiga ndiye aliyeukabidhi mtungi chamani, Nduta akiwa kando yake, lakini simu ikalia: umekataliwa.

Foleni nzima ikacheka. Nduta akampigia Wachuka.

"Umenifungia mlango, mimi niliyekuzaa?"

"Si mimi, mami. Ni ile nyota yako."

Nduta akalitazama tangi. Lilikuwa jeupe, limejaa; leo halikumwagwa.

"Na maziwa yangu je?" Kahiga akauliza.

"Beba upande ule, jirani," Nduta akasema, akishika mkono mmoja wa mtungi. "Tunarudi nao nyumbani."