Wimbo wa Tano, Upande wa Pili

Jalada lilisema upande wa pili una nyimbo nne. Fundi cherehani alihesabu tano.

Alikuwa hajawahi kuisikiliza sahani ile. Ilikuwa ya mumewe, fundi redio, aliyefariki wiki sita nyuma akiwa ameinamia redio ya mteja, na mteja akakaa dakika nzima akidhani fundi anatafuta waya. Katika mali yote aliyoiacha marehemu, maboksi kwa maboksi ya vipuri, hiki ndicho kitu pekee alichokifunga kwa mifuko miwili ya plastiki na kukilaza kabatini katikati ya mashati: sahani ya santuri ya bendi ya kigeni ya muziki wa hevi metali, nyeusi, nzito kama sinia, na jaladani picha ya ngazi ya chuma inayoshuka ardhini. Mkusanyaji mmoja wa sahani za zamani alikuwa akipiga simu kila Jumatatu.

"Mama, hilo ni toleo la kwanza kabisa. Zilichapwa chache, kisha kiwanda kikabadilisha kila kitu. Tafadhali usiishike kwa vidole, na usiipige."

"Sasa wewe unaitakia nini kama haipigwi?"

"Kuwa nayo tu, mama."

Alimwambia atafikiria. Muziki wenyewe hakuupenda; kwake ulikuwa ugomvi wa watu ndani ya karakana ya mabati. Lakini alasiri ile alitaka kugusa kitu ambacho mumewe alikigusa kwa upole, na mashati alikwisha kuyanusa yote. Akaiweka sahani kwenye mashine ya santuri, akashusha sindano, akarudi kukaa nyuma ya cherehani yake. Chini ya meza ya kukatia, mjukuu wake wa miezi minane alikuwa akicheza na vipande vya kitambaa.

Magitaa yalikereza, ngoma zikapondaponda, mtu akapiga mayowe kwa lugha asiyoijua. Nyimbo nne zikaisha. Sindano ilipaswa kuteleza hadi katikati na kunyamaza. Haikunyamaza. Ukaanza wimbo ambao haukuwa na gitaa wala ngoma, pumzi tupu, ndefu, yenye mikwaruzo midogo, kama mtu anayekunywa uji wa moto kutoka kikombe chembamba. Chumba kikanuka chuma kilicholowa. Na pumzi ile ilipokoma, fundi cherehani aligundua kwamba lile donge lililomkaa kifuani wiki sita halipo. Limetoka, kama ndoo inavyotuliwa kichwani.

Akapika, akala, akalala fofofo.

Kesho yake akaupiga tena. Na keshokutwa.

Binti yake, karani wa mapokezi hospitalini, aliyekuwa akimwachia mtoto kila asubuhi, alifurahi mwanzoni. "Mama, naona sasa umepata nafuu."

"Nipo tu, mwanangu."

Na kweli alikuwepo tu. Siku moja binti alirudi kutoka kazini akakuta mashati ya baba yake yamekatwa vipande vya mraba, yamepangwa vizuri kando ya kopo la mafuta ya cherehani.

"Mama, haya si mashati ya Baba?"

"Yanafyonza mafuta vizuri. Pamba safi."

Binti alilia palepale mlangoni, mkoba ukiwa bado begani. Mama yake alimtazama kama mtu anavyotazama mvua ya mtaa wa pili. Alijua kwamba zamani angeinuka. Hakujua angeinuka kwenda kufanya nini.

Wiki iliyofuata sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole chake cha shahada, ikaingia juu ya ukucha na kutokea chini. Mteja aliyekuja kupima gauni akapiga ukelele hadi majirani wakachungulia. Fundi aligeuza gurudumu kwa mkono taratibu, akaichomoa sindano, akajifunga kile kidole kwa kipande cha shati la marehemu, kisha akamwuliza mteja, "Pindo nipunguze kiasi gani?" Yule mama aliondoka bila gauni na hakurudi.

Wimbo nao ulikuwa unanenepa. Mara ya kwanza ulikuwa wa dakika mbili. Sasa chai ilipoa kabla haujaisha. Utepe ule laini wa katikati ya sahani, unaoizunguka karatasi, ulizidi kuwa mwembamba, kwa maana vijistari vilikuwa vinaota kuelekea ndani. Na yule mnywaji hakunywa tena kwa pupa. Alikunywa kwa mapozi, kama mtu aliyezoea nyumba.

"Una bahati na mjukuu," jirani alimwambia. "Mpole ajabu. Hata hatujui kama kuna mtoto ndani."

"Mume wangu huyo," alijibu, kama bibi wote wanavyojibu, lakini neno lilitoka kinywani kavu, kama ganda la karanga.

Ilikuwa Alhamisi, mchana kweupe, mlango wazi, watu wanapita barabarani. Kikombe cha chai kilikuwa ukingoni mwa meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha sare za shule, na mtoto akakamata ncha ya kitambaa kile na kuanza kuvuta. Bibi yake aliona. Aliona kikombe kikisogea, akawaza kwamba kikombe kinasogea, akawaza kwamba chai imetoka jikoni sasa hivi, akawaza kwamba mkono wake wa kulia ungekifikia bila hata kusimama, na mawazo yote hayo yakapita mbele yake yamejipanga kwa utaratibu huku mkono ukibaki gotini, mpaka kikombe kikapinduka na chai ikamwagika yote juu ya mkono mdogo, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na ngozi ikabadilika rangi, ikaanza kuinuka. Mtoto aliutazama mkono wake. Kisha akainua uso akamtazama bibi yake, macho makavu, mdomo umetulia, wakabaki wakitazamana hivyo, wawili hao, na katika ukimya ule fundi cherehani akasikia mtu akimeza mate ndani ya spika, ilhali mashine ilikuwa imezimwa tangu jana.

Binti aliporudi kutoka kazini aliuona mkono ule, akamkimbiza mtoto hospitalini, na usiku akarejea naye amefungwa bendeji. Alikaa mbele ya mama yake, akasema kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kuta zisikie.

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Hakulia."

"Nakuuliza kwa nini hukuita mtu, Mama."

"Ndiyo nakwambia. Hakulia."

Binti aligusa bendeji. "Daktari amemchoma sindano mbili. Alikuwa anamwangalia daktari vile unavyoniangalia wewe sasa." Akampakata mtoto upya. "Mtoto huyu alilia lini mara ya mwisho?"

Waliitafuta siku hiyo akilini wote wawili. Hawakuipata. Binti akainamisha uso karibu na kinywa cha mwanawe, akashtuka akarudi nyuma. "Ananuka chuma. Mama, ananuka chuma kilicholowa." Kisha akageuka polepole kuitazama mashine ya santuri, ilikotoka harufu ile ile. "Zima kitu hicho."

"Hakijawashwa," alisema mama yake.

Sahani ilikuwa inazunguka.

Binti aliinuka kuivunja, akaikamata kwa mikono miwili, akaiweka gotini, lakini haikukunjika wala kupasuka, na alipoiachia viganja vyake vilikuwa vimekufa ganzi hadi asubuhi. Ni mfanyakazi wa usafi pale hospitalini aliyemwelekeza kwa Bibi Kinu, mjuzi wa mambo kama hayo.

Bibi Kinu aliitwa hivyo kwa sababu alifanya kazi kwenye kinu cha nguo miaka kumi na tisa, na mashine zikamla masikio yote mawili. Alisoma midomo ya watu na kuongea kwa kishindo, kama viziwi wengi. Alifika Jumamosi saa tisa mchana na mfuko wa sokoni, akakataa chai, akaweka kiganja juu ya mfuniko wa mashine. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Ameshiba," alisema. "Huyu hali nyama wala hataki damu. Anakunywa vilio. Wewe ulimkaribisha mwenyewe. Mtoto hakumkaribisha, ila alikuwa chumbani, basi vilio vyake navyo vikanywewa."

"Tuichome moto sahani?" aliuliza binti kwa kunong'ona, kisha akakumbuka, akarudia kwa kufumbua mdomo.

"Ukimchoma unachoma na alivyovinywa, na huyu mtoto hatalia maisha yake. Mtu asiyelia hana wa kumwokoa. Hapana. Atatapika." Akamgeukia fundi cherehani. "Utamrudisha nyuma kwa kidole chako, mzunguko kwa mzunguko. Atakubembeleza. Mimi hawezi kunipata, lakini mimi si mwenye nyumba. Unataka?"

Fundi cherehani alijitafuta ndani kama anayetafuta kifungo kwenye droo tupu. "Sitaki," alisema kwa ukweli. "Wala sikatai. Niambie niweke kidole wapi."

"Inatosha."

Binti alipelekwa ukumbini pamoja na mtoto wake, mlango ukafungwa. Bibi Kinu akaweka tena kiganja. Fundi cherehani akashusha sindano mwishoni kabisa mwa wimbo wa tano, akaweka kidole kilichofungwa kitambaa juu ya sahani, akaanza kuisukuma kinyume.

Ilikuwa nzito, kama kusukuma jiwe la kusagia. Pumzi ikakatika. Kisha sauti ikasema ndani ya spika, si ya mwanamume wala ya mwanamke, sauti ya mtu aliyelala karibu yako:

"Umelala vizuri kwangu. Nani mwingine amewahi kukulaza?"

Alisukuma.

"Nilichukua kilichokuuma tu. Nikikurudishia utakiweka wapi? Kifua chenyewe kidogo."

Ilikuwa kweli, naye alijua kwamba ni kweli, na harufu ya chuma ikajaa hadi machozi yakapaswa kutoka lakini hayakutoka, na taa ikafifia mchana ule ingawa jua lilikuwa dirishani, na cherehani pembeni ikaanza kujishonea yenyewe bila uzi, tak-tak-tak-tak, na yeye akaendelea kusukuma kwa sababu mikono yake ilizoea miaka mingi kumaliza mshono hata akili ikiwa imechoka.

Ukumbini mtoto akalia.

Si kilio kimoja. Kilikuwa kilio cha chai ya moto, na cha sindano mbili, na cha jino la kwanza, na cha kila asubuhi mama yake alipomwacha mlangoni, vyote vikitoka kwa pamoja, na jirani akagonga ukuta. Binti alisikika akisema, "Lia, baba. Lia, lia, lia." Nyuma ya sindano sahani ilikuwa inabaki laini kama kioo.

Kisha kikaja kilio cha fundi cherehani mwenyewe. Hakikuwa na maneno. Kidole kilimuuma kwanza, kile kilichopitwa na sindano, na maumivu yakamshangaza, halafu mashati. Aliona mashati. Alianguka magoti, lakini hakuondoa mkono kwenye sahani, na Bibi Kinu akamshika bega ili asiuondoe.

"Bado," alisema Bibi Kinu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alisogeza kiganja kwenye mfuniko. "Kuna kingine chini. Kikubwa, cha zamani. Cha mwanamume. Mwenyewe yuko wapi?"

"Amekufa," alisema fundi cherehani.

Kabla binti yule hajazaliwa, yeye na mumewe walikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume. Aliishi miezi mitano. Siku walipotoka kumzika, fundi redio alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, akafungua redio ya mtu, akaanza kuchomelea. Hakutoa chozi, siku ile wala baadaye. Ndugu wa mke walisema yule si mtu, ni jiwe. Na mke, kwa miaka thelathini na mmoja aliyoishi naye kwa amani na kumpikia na kucheka naye, alikuwa na mahali padogo moyoni palipokubaliana nao. Sasa akajua kilio kile kilinywewa na nani.

"Kisipopokelewa kitaondoka na mnywaji huyu, naye atakuwa na sababu ya kurudi hapa," alisema Bibi Kinu, safari hii kwa sauti ya chini kuliko alivyojua. "Lakini si chako. Hulazimiki."

"Nitapokea mimi," alisema mke wa marehemu. "Nipe."

Akausukuma mzunguko wa mwisho. Cherehani ikanyamaza. Kitu kilipita kati yao kuelekea dirishani, chembamba, chenye njaa, na pazia likasimama wima kisha likashuka. Na kifuani mwa fundi cherehani kilio kikapanda, kizito, cha koo pana, chenye kikohozi kikavu katikati ambacho nyumba nzima ilikijua. Kilitoka kinywani mwake. Hakikuwa na sauti yake hata kidogo.

Ukumbini, binti aliyekuwa akimbembeleza mtoto aligeukia mlango ghafla. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia baba yake akilia. Kitasa kikacheza kidogo.

"Baba?" alinong'ona nyuma ya mlango.

Mama yake alitaka kumjibu, lakini kilio kilikuwa hakijaisha.