Mke Mwenza wa Kibandani

Kisa hiki alitusimulia mama, wiki aliyostaafu ualimu. Kilimpata rafiki yake, fundi cherehani.

Mwaka mzima mumewe alikesha kibandani nyuma ya nyumba, akipiga picha za nyota kwa darubini. Wivu ulimkaba fundi. Jioni moja, mume akiwa bafuni, aliingia kibandani gizani, akaifunika darubini kitambaa cheusi na kukaza fundo.

“Leo hulali na mume wangu, mke mwenzangu!” akacheka.

Maji tu yalisikika bafuni. Kisha, ndani ya darubini, mwanamke akasema taratibu:

“Mke mkubwa ni mimi, mdogo wangu. Fungua.”

Akafungua.

Mama alishafariki. Fundi na mumewe wako hai. Yule wa tatu, asema fundi, naye yupo.